Daftari la Mafuta

Umeniuliza, Ngatia, linakula mafuta kiasi gani.
Kaa kwanza. Ufunguo uache mezani.

Kuna jibu la kijitabu kilichoshuka nalo bandarini:
kilomita kumi na nusu kwa lita.
Kuna jibu la kile kioo nyuma ya usukani,
kinachosema tisa hata gari likiwa limezimwa rohoni.
Na kuna hili daftari la mraba, la shilingi arobaini,
miaka mitatu limeishi nyuma ya kizuia jua.
Nilijaza tangi mpaka pampu ikatema,
nikagawanya kwa kalamu. Ualimu haumtoki mtu.

Soma hapa. Nakuru mjini, Januari, shule zikifunguliwa:
nne nukta nane.
Foleni ya Section 58, mguu juu ya breki,
turbo mbili, farasi mia nne
wamefungwa zizini wakila bila kulima.

Salgaa kupanda Mau Summit, nyuma ya lori la ngano:
sita nukta moja.
Ingekuwa saba, ila nililipita.
Usicheke. Utaukanyaga na wewe,
utausikia ule mngurumo ukipanda mgongoni
na kwa sekunde nne huna deni popote.
Kisha utaitazama sindano ya tangi
ikiinama kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Kageha, mke wangu, alisema:
wewe hununui petroli, wewe unaichangia harambee.

Sasa fungua ukurasa uliokunjwa pembe.
Nakuru hadi Chavakali, kilomita mia mbili na kumi,
lita kumi na saba na nusu.
Gawanya. Gawanya tena.
Kumi na mbili kamili.

Nilikuwa nimemtoa mama hospitali,
nyonga ina vyuma, amelala kiti cha nyuma
juu ya mito mitatu na shuka la wodini tulilosahau kurudisha.
Kila tuta nililiomba ruhusa.
Kericho tulipitwa na trekta la majani chai,
dereva akatupungia kama anayetoa pole.
Mteremko wa kwenda Awasi sikukanyaga kitu,
gari lilijishusha lenyewe
kama mzazi anavyoshuka kitandani asimwamshe mtoto.
Ahero akanusa mpunga, akataka dirisha lifunguliwe.
Akauliza: gari lako ni bovu?
Nikasema ndiyo, mama, ni bovu.
Basi liache bovu hivyo hivyo, akasema. Tutafika.

Pale Chavakali kijana wa pampu, Asava,
alisoma lita, akasoma kilomita, akanitazama:
Mwalimu, uliendesha au ulisukuma?

Ukurasa unaofuata ni Septemba.
Barabara ileile, usiku, baada ya simu.
Tano nukta mbili.
Malori yote niliyapita. Alfajiri nilikuwa langoni
na bado nilikuwa nimechelewa.

Tangu hapo nimejaribu, sitakuficha.
Upepo uleule wa tairi, mwendo wa sitini,
hata mito mitatu niliiweka nyuma, mtu mzima mimi.
Kumi nukta moja. Kumi nukta tatu.
Haifiki.
Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita
na hii inanikataa:
gari limekuwa jepesi zaidi, na linakunywa zaidi.

Kwa hiyo andika sita, Ngatia.
Ukiwa mpole, saba na kitu.
Bei ni ileile tuliyopatana,
tairi ya akiba ni mpya, jeki iko chini ya zulia,
na daftari chukua, litakusaidia.

Ila huo ukurasa wa pembe, nipe.
Nilisema ufungue.
Sikusema ni wako.